Hesabu Mpaka Saba

3 Machi, Jumatatu

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa siku ile unaondoka, ukaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili ukija kulisoma iwe kama ulikuwa hapa nasi. Miezi minane imepita na sijaandika kitu. Kusema kweli, daftari lilikuwa chini ya meza ya jikoni, kwenye ule mguu mfupi. Leo nimelitoa, nimeweka kipande cha tofali, na meza imetulia kuliko zamani. Kwa hiyo sina kisingizio tena.

Habari ni kwamba Nyuki amepata nafasi. Unakumbuka jina lilivyoanza, shemeji yako alipomsikia akivuma mmm, mmm kutwa nzima, akasema tumezaa nyuki. Sasa ana miaka minne na nusu. Bado hasemi, bado anavuma, na lile neno la daktari, usonji, tumelizoea humu ndani kama chumvi. Kituo cha mazoezi ya watoto kama yeye kimetuita baada ya mwaka mzima wa kusubiri. Tutakwenda Jumatatu na Alhamisi, saa tatu mpaka saa nne asubuhi.

Chumba kina paa la bati, meza ndogo ya njano na viti viwili vya chekechea. Ukutani kuna vyeti vitatu vya mtaalamu wetu, vyote ndani ya fremu. Mwenyewe ni binti wa umri wangu, akitabasamu unaliona gego la mwisho. Humu daftarini nitamwita Tabasamu.

Mkuu wa kituo, baba mmoja mwenye shati lililonyooshwa hata linaogopa kujikunja, kanipa sharti. Muhula unaisha katikati ya Mei. Mtoto ambaye fomu yake haionyeshi maendeleo anampisha mwingine, maana foleni ni ndefu. Nikaitikia. Angesema nije kwa magoti ningeitikia pia.

6 Machi, Alhamisi

Mzazi hukaa kwenye benchi nje, lakini mlango una kioo. Nimechungulia. Tabasamu anaweka kikombe na kijiko mezani, anasema, "Nipe kikombe." Nyuki akitoa, anapuliziwa mapovu ya sabuni. Asipotoa, inaandikwa alama ya kukataa. Hivyo hivyo mara kumi. Leo katoa mara tatu. Kila kitu kinaandikwa kwenye fomu, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri. Nimerudi nyumbani naringa.

7 Machi

Mvua. Nguo zimelala mbichi.

10 Machi, Jumatatu

Mvua kubwa tukiwa kituoni, bati linalia kama linamwagiwa kokoto. Nyuki kaziba masikio kipindi kizima.

13 Machi, Alhamisi

Mvua saa ile ile. Masikio tena.

14 Machi

Mama mkwe kahamia kwetu mpaka mvua ziishe, nyumba yake inavuja. Kamtazama Nyuki akivuma, kaniambia, "Mtoto huyu haumwi. Hana la kusema tu. Wewe una la kusema humu ndani?" Nilikuwa nakata vitunguu. Bahati yangu, machozi yakapata kisingizio.

17 Machi, Jumatatu

Jua. "Leo kakataa mara nane, Mama Nyuki," Tabasamu kaniambia, meno yote nje. "Usijali, polepole."

18 Machi, Jumanne

Hili nataka ulisome taratibu.

Nilikuwa naosha vyombo, nikamwambia Nyuki, "Nipe kikombe." Kile cha buluu chenye mpini, ulichomletea wewe. Hakutikisika. Maziwa yakachemka yakamwagika, nikakimbilia jiko, nikafuta, nikalaani kidogo. Nikageuka. Nyuki kasimama nyuma yangu, kikombe mkononi, kaninyooshea.

Nikakirudisha mezani. Nikamwomba tena, mara moja tu, nikafunga mdomo nikahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Anaangalia ukuta. Nne, tano. Anavuma. Sita. Mkono ukaondoka. Saba, kikombe kikanifikia.

Mara kumi, dada. Katoa mara tisa. Ile ya kumi ni kwamba paka alipita.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kasema, "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Ukimtuma leo anakwenda kesho." Lakini hakucheka.

20 Machi, Alhamisi

Nimemweleza Tabasamu habari ya kuhesabu. Kacheka, kanishika bega. "Mama, mbinu tunazo, tumesomea. Nyumbani wewe mpende tu." Nikachungulia kwenye kioo, safari hii nikiwa na hesabu kichwani. "Nipe kikombe, nipe kikombe, eti Nyuki, nipe kikombe." Mara tatu ndani ya pumzi moja. Nikifika mbili, keshaandika kukataa.

Katoa mara mbili. Sijui alipata wapi nafasi hata ya hizo mbili.

24 Machi, Jumatatu

Homa. Hatukwenda. Nimepiga simu kuwaarifu.

27 Machi

Mvua. Masikio.

31 Machi

Mvua. Masikio. Mama mkwe anauliza kwa nini nalipeleka shavu langu kwenye kile kioo kila siku, litaota pembe nne.

3 Aprili, Alhamisi

Jua. Mara mbili. Jioni shemeji yako kaja na vifunika masikio vya karakana, vile wanavyovaa wakikata vyuma. Vinamwangukia Nyuki mpaka mabegani. Kavikumbatia, hakutaka kuvivua hata kuoga.

7 Aprili, Jumatatu

Leo kaja Mkaguzi, mama wa makamo, miwani ina kamba, maneno machache. Kazi yake ni kupima kama wataalamu wanaijua kazi. Nikasema moyoni, hatimaye.

Mkuu katutoa chumbani. "Mama Nyuki, subirini kwenye benchi na mtoto." Nikauliza, "Sasa atapimwa akimfundisha nani?" Kasema nisiwe na wasiwasi, ndio utaratibu.

Nikaenda kwenye kioo changu. Dada, kwenye kiti cha Nyuki alikaa mtaalamu wa chumba cha pili, mtu mzima, magoti yamefika kidevuni. Huyo ndiye mtoto. "Nipe kikombe," kasema Tabasamu, na mwenzake kakitoa kabla neno halijaisha. Mara moja akajifanya analia, wiii, kama mbwa aliyekanyagwa. Tabasamu kambembeleza vizuri sana. Mkaguzi anaweka vema, vema, vema. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwangalia Nyuki kwenye benchi, na vifunika masikio vyake vya mafundi, anasubiri mtu mzima amalize kuigiza kuwa yeye. Kicheko kikakauka.

Tabasamu kapata kumi na tisa kati ya ishirini. Moja imekatwa kwa sababu meza ilikuwa na vumbi.

Yule Mkaguzi nimemchukia.

10 Aprili, Alhamisi

Barua. Naikopi: "Vipindi tisa, majaribio tisini, kikombe kimetolewa mara tisa. Kwa kuwa mtaalamu husika amethibitishwa kuwa na uwezo wa juu, kituo kinaona kwamba mtoto hafaidiki na huduma. Nafasi yake itakwisha mwisho wa muhula."

Umeona walivyozifunga pamoja hizo hoja mbili? Mwalimu ni mzuri, kwa hiyo ubovu ni wa mtoto.

Nimeisoma nimesimama. Mama mkwe kaniomba nimsomee, nikamsomea. Nilingoja aseme si nilikwambia. Kaivuta barua, kaikunja, kaiweka kifuani ndani ya blauzi, na kuuliza, "Hao wanafungua saa ngapi?"

11 Aprili, Ijumaa

Saa mbili kamili tulikuwa ofisini kwa Mkuu, mimi, Nyuki na mama mkwe na mwavuli wake.

"Naomba fomu za mtoto wangu," nikasema.

"Hizo ni nyaraka za ndani."

"Mtoto wangu ndiye aliye ndani yake."

"Mama, kusoma fomu zile kunahitaji utaalamu. Wewe mambo haya umesomea wapi?"

"Jikoni."

Kamgeukia mama mkwe. "Bibi, nikusaidie nini?"

"Hakuna," kasema mama mkwe. "Mimi nimekuja kukaa." Akakaa, mwavuli wima katikati ya magoti, maji yanachuruzika kwenye zulia la Mkuu. Nyuki akaanza kuvuma. Unamjua akianza. Wageni wakaingia wakatoka, simu zikalia, Nyuki anavuma. Saa nne na robo Mkuu kamwita karani atutolee nakala.

Nyumbani nikazitandaza juu ya meza, na pembeni nikaweka daftari hili. Sikuwa na nia ya kutafuta chochote, nilitaka kuona tu. Tarehe 10 Machi, kakataa mara kumi kati ya kumi. Hapa niliandika mvua, masikio. Tarehe 13, kumi kati ya kumi. Mvua. Tarehe 27 na 31 vilevile. Siku nne za bati kulia, sifuri nne, na mahali pa maelezo pameandikwa "hatii". Hakuna popote paliposema mvua. Hakusikia, dada. Alikuwa anaumia masikio, wao wanaandika hatii.

Halafu nikafika tarehe 24. Kakataa mara kumi kati ya kumi.

Nikarudi kwenye daftari. "Homa. Hatukwenda." Namshukuru Mungu kwa maneno mawili hayo kuliko kwa barua zote nilizowahi kuandika.

14 Aprili, Jumatatu

Nimeingia chumbani bila kubisha, kabla ya kipindi. Nilikuwa nimejiandaa maneno makali tangu Ijumaa, nimeyanoa mpaka yanakata. Nikaweka fomu juu ya meza ya njano.

"Siku hii Nyuki alikuwa na nyuzi thelathini na tisa, kitandani kwangu. Kikombe alikikataaje?"

Lile tabasamu likaondoka. Sikuwahi kuuona uso wake bila hilo. Ni uso wa mtu aliyechoka, kama wangu.

"Mama Nyuki, fomu yenye kiboksi kitupu inarudishwa. Mkuu anasema kiboksi kitupu ni uzembe."

"Kwa hiyo ukajaza."

"Nikajaza."

"Kwa nini hukujaza kwamba katoa? Penseli ni ile ile."

Kaitazama penseli. Nyuki alikuwa chini ya meza anagusa viatu vya yule binti. Kasema, "Kwa sababu nilishaamua kwamba hawezi."

Nilitaka kumpiga, nakwambia ukweli. Lakini akaendelea, anaongea na vyeti ukutani. "Nilifundishwa siku tano. Siku ya tano tukafanya mtihani wa karatasi, nikapata vizuri. Vyeti viwili vingine ni vya kuhudhuria, unakaa, unakula, unapewa. Tangu nianze kazi hakuna mtu aliyewahi kunitazama nikiwa na mtoto. Wewe ndiye wa kwanza, kwenye kioo hicho. Nilikuwa nakuogopa kuliko Mkaguzi."

"Na mimi nilikuwa nakusifu kwa majirani," nikasema.

Akacheka na kulia pamoja. Nimetoka na maneno yangu makali yote mfukoni, sijatumia hata moja. Nimekasirika bado, ila hasira imehama nyumba.

15 Aprili

Nimemwandikia Mkaguzi. Nimeambatanisha nakala za fomu na nakala za kurasa hizi, zile za mvua na ile ya homa. Nimeomba jambo moja, aje ampime Tabasamu akiwa na Nyuki mwenyewe kwenye kiti, mimi nikiwa ndani.

17 Aprili

Mvua. Nimekataa kumtoa Nyuki kwenye benchi mpaka ipungue. Kipindi cha dakika ishirini. Tabasamu kaandika: mvua.

22 Aprili, Jumanne

Mkuu kaniita, na leo kaniagizia chai. Nikajua kuna jambo.

"Tuyamalize kiungwana," kasema. "Nyuki abaki na nafasi yake. Yule binti aliyeghushi fomu namwondoa leo hii. Wewe ile barua kwa Mkaguzi unaifuta. Umeshinda, mama."

Dada, sitakudanganya. Nafasi ya Nyuki ilikuwa pale juu ya meza, karibu na kisosi. Ningeweza kuinuka nayo.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki nini?"

"Vyote. Ukimwondoa huyu utamleta mwingine wa siku tano, mwenye meno mengine. Na Nyuki akibaki kwa siri, wale watoto wengine mliowatoa mlangoni, wale walioandikiwa hawafaidiki, aliyekuwa akiwafundisha alitazamwa na nani?"

"Unahatarisha nafasi ya mwanao kwa ajili ya watoto wa watu?"

"Naihatarisha kwa sababu nafasi yenyewe ni mbovu. Itengenezeni kwanza ndipo mnipe."

Chai sikunywa. Nyumbani nilipomsimulia shemeji yako kaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamwambia sijui. Kasema basi angalau mmoja wetu ajue kupika, akaingia jikoni.

24 Aprili

Hakuna jibu.

28 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

1 Mei

Mvua. Hakuna jibu. Nimejuta kutwa. Jioni Nyuki kanipa kikombe bila kuombwa, ndani hakuna kitu.

2 Mei

Mkaguzi kapiga simu. Maneno yake yote: "Alhamisi saa tatu. Mtoto aje na vitu vyake vya masikio."

8 Mei, Alhamisi

Tuliingia wanne. Tabasamu mezani, Nyuki kwenye kiti chake mwenyewe, Mkaguzi kwenye kona na karatasi yake ya alama ishirini, mimi ukutani chini ya vyeti. Mkuu alisema utaratibu hauruhusu mzazi. Mkaguzi akamjibu bila kuinua macho, "Leo unaruhusu." Mama mkwe akabaki nje, akakirithi kioo changu.

Tabasamu alianza vibaya. "Nipe kikombe, Nyuki, nipe, nipe kikombe." Nyuki akaangalia dirisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu akachelewa kupuliza mapovu, Nyuki keshasahau anapongezwa kwa lipi. Kalamu ya Mkaguzi ikawa inakata, kwaa, kwaa. Nikaona jasho kwenye mdomo wa juu wa yule binti, na nikajikuta namwombea. Mimi. Yeye.

Kisha bati likaanza. Matone machache, halafu yote kwa pamoja. Mikono ya Nyuki ikaruka masikioni. Mkuu akachungulia mlangoni akionyesha saa yake, yaani waendelee. Tabasamu akamtazama Mkuu, akamtazama Nyuki, akaiweka penseli chini. Akamvalisha vile vifunika masikio, akavishikilia kwa viganja vyake visianguke, na wakakaa hivyo, paji kwa paji karibu, bila neno, dakika kumi na mbili nzima. Nyuki akaanza kuvuma. Na Tabasamu akavuma naye.

Mvua ilipopungua akasema mara moja tu, taratibu, "Nipe kikombe." Akafunga mdomo. Nikaona midomo yake inacheza kidogo, nami yangu inacheza, na nyuma ya kioo midomo ya mama mkwe pia. Tatu. Nne. Nyuki kaangalia ukuta. Tano. Sita. Mkono ukaondoka.

Pamoja na hiyo zilibaki saba. Katoa tano.

Mkaguzi kajumlisha mbele yetu. "Kumi na moja kati ya ishirini. Hujafaulu."

Tabasamu kaitikia kwa kichwa. Mkuu kasema, "Lakini mwezi uliopita alikuwa na kumi na tisa."

"Mwezi uliopita nilimpima akimfundisha mwenzake," kasema Mkaguzi. Akavua miwani, ikaning'inia. "Fomu yangu inasema mtoto au mwigizaji. Miaka sita nachagua mwigizaji, kwa sababu mwigizaji haharibu ratiba. Kosa hilo ni langu, liandike." Kisha kanigeukia. "Wewe umeona nini ambacho mimi sijaona?"

Nikamwambia mapovu yalichelewa mara nne. Kaangalia karatasi yake, aliandika tatu, akasahihisha. Ikawa kumi.

12 Mei, Jumatatu

Uamuzi wa Mkaguzi umekuja kwa maandishi. Fomu za muhula huu zimefutwa, za Nyuki na za wenzake wote kumi na mmoja. Hakuna mtoto atakayetolewa mpaka anayemfundisha apite kipimo mbele ya mtoto halisi. Tabasamu anabaki, chini ya usimamizi, Mkaguzi atakuja kila wiki mbili. Mkuu kaongeza mstari wake chini, kwamba wazazi wabaki kwenye benchi. Nimemrudishia barua nikiwa nimeuandikia kando: sitabaki. Wamama wengine watatu wametia sahihi chini ya yangu. Tumegawana siku za kukaa ndani na kuhesabu.

Mvua zimekwisha, paa la mama mkwe limezibwa, lakini kasema hawezi kuondoka sasa hivi, ana kazi. Alhamisi ni zamu yake.

Kurasa hizi nakutumia zenyewe kwa mkono wa shemeji yako, nakala anazo Mkaguzi. Muhula mpya unaanza tarehe 2 Juni, kwa hiyo vifuatavyo naomba vifike kabla, na usinitumie kingine badala yake:

Daftari jipya, kubwa, la mistari, liwe na sehemu ya tarehe. Hili limebaki kurasa nne.

Vifunika masikio vya mtoto, saizi ndogo kabisa. Tabasamu hawezi kushikilia na kuandika kwa wakati mmoja.

Saa ya kupima sekunde isiyo na mlio. Mama mkwe anahesabu haraka akiwa na hasira.

Vikombe viwili vya buluu vyenye mpini, kama kile. Kimoja kikae kituoni.

Chupa tatu za mapovu.

Kalamu kumi na mbili za wino mweusi, moja kwa kila mtoto, ziwe za wino usiofutika. Nitazigawa mwenyewe.

Penseli usitume hata moja.